Mwongozo Kamili wa Kumaliza Mwaka Pemba kwa Begi Moja la Mgongoni

Kila Desemba Unguja hujaa wageni. Vyumba vya Nungwi, Kendwa na Paje hushikwa mapema, bei hupanda kuanzia juma la Krismasi hadi siku kadhaa baada ya mwaka mpya, na kijana mwenye akiba ndogo aliyetoka Dodoma, Mombasa au Morogoro hujikuta akilipa kwa usiku mmoja fedha ambazo zingemtosha kwa siku nyingi mahali pengine. Kilomita zipatazo 50 kaskazini ya Unguja ipo Pemba, kisiwa cha vilima, mikarafuu na ghuba zenye mikoko, ambacho wageni wengi hawakifikii. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kukaa Pemba siku saba hadi kumi za mwisho wa mwaka akiwa na begi moja mgongoni, akipanda gari za abiria, akilala katika nyumba za wageni za kawaida na akila wanachokula wenyeji.

Kabla ya jambo lolote, msafiri afahamu kwamba Desemba ya Pemba haina sherehe za Desemba. Wakazi wa kisiwa hiki karibu wote ni Waislamu, sikukuu zao kubwa ni Idi mbili, na hata mwaka wa jadi wa Waswahili huanza Julai, unapoadhimishwa kwa Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja. Tarehe 25 Desemba ofisi za serikali hufungwa, lakini soko linauza, wavuvi wanatoka na karafuu zinaanikwa kama kawaida. Kisiwa kina kalenda yake, nayo inaongozwa na maji kujaa na kupwa, adhana, gari la mwisho la jioni na mavuno ya shamba. Atakayeifuata kalenda hiyo atatumia fedha kidogo na kuona mengi. Atakayeileta ya kwake atashinda akisubiri vitu ambavyo havipo.

Hatua ya kwanza: chagua tarehe kwa kutazama mwezi wa angani

Wengi huchagua tarehe kwa kutazama likizo ya kazini peke yake. Kwa safari hii tazama pia mwezi, kwa sababu ndio unaoamua bahari itakuwa wapi saa utakayoihitaji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya hali hizo mbili katika mwambao huu huweza kufika takribani mita 4. Siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na hujaa karibu na saa kumi alasiri. Baada ya juma moja huja maji mafu: tofauti inapungua na saa zinageuka, kiasi kwamba maji huwa yamejaa mnamo saa nne asubuhi. Katikati ya vipindi hivyo, kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Tuchukue mwisho wa mwaka 2026 kuwa mfano. Mwezi utakuwa mpevu alfajiri ya tarehe 24 Desemba, kwa hiyo siku za Krismasi zitakuwa za bamvua. Asubuhi zitafaa kutembea juu ya mchanga na miamba iliyoachwa na maji, mahali ambapo utawakuta kina mama wakichokoa pweza, na alasiri zitafaa kuogelea. Kufikia tarehe 31 maji yatakuwa mafu na mikondo itakuwa imepungua nguvu, nao ndio wakati mzuri wa kwenda visiwa vidogo kwa mashua. Mtu asiyejua haya hufika ufukweni saa nne asubuhi akiwa na nguo za kuogelea, akakuta bahari imeondoka mbali na macho, kisha akaondoka akisema pwani hiyo haifai.

Upande wa hali ya hewa, Desemba ndipo mvua za vuli zinapomalizika na upepo wa kaskazi unapoanza kushika. Joto la mchana hupita nyuzi 30, na manyunyu ya hapa na pale yanaweza kuendelea hadi karibu na mwaka mpya. Kama kazi inakuruhusu, vuta safari mpaka tarehe 12 Januari, Siku ya Mapinduzi. Siku hizo mpira wa Kombe la Mapinduzi hutawala mazungumzo ya barazani. Mwaka 2025 mashindano hayo yalichezwa katika uwanja wa Gombani, Chake Chake, na timu ya Zanzibar ikatwaa kombe mbele ya watu wake kwa kuifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1.

Hatua ya pili: nyaraka na fedha

Mtanzania achukue kitambulisho cha taifa, kwani hutakiwa wakati wa kukata tiketi na wakati wa kupanda chombo, na jina lililo kwenye tiketi lilingane na lililo kwenye kitambulisho. Msafiri wa kutoka Kenya au Uganda aje na hati halali ya kusafiria pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana anaweza kuulizwa. Ukiwa umemwalika rafiki kutoka Ulaya au Marekani, mkumbushe bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo kwa wageni wa aina yake imekuwa ya lazima tangu Oktoba 2024. Ailipie kabla ya kufika.

Benki na mashine za kutolea fedha zipo Chake Chake, na huduma zinapatikana pia katika miji ya Wete na Mkoani, lakini siku za mapumziko usizitegemee. Mawakala wa fedha za simu wapo mpaka vijijini, ingawa wakala wa kijijini huenda asiwe na fedha taslimu za kutosha. Kabla ya kuelekea Konde na rasi ya Kigomasha, kaskazini mwa kisiwa, toa fedha za siku zote utakazokaa huko, na uhakikishe una noti ndogo ndogo, kwa sababu kondakta na muuza chapati hawana chenji ya noti ya elfu kumi asubuhi.

Hatua ya tatu: funga begi lisilozidi kilo nane

Uzito huo una sababu. Gari za abiria za Pemba hubeba watu, magunia, ndoo za samaki na mabunda ya ndizi kwa pamoja, na begi linaloweza kukaa mapajani halimsumbui mtu wala halilipiwi nafasi ya pili. Kwa mwanamume, suruali mbili nyepesi, fulana tatu zenye mikono, kaptura moja inayofunika magoti kwa ajili ya ufukweni na kikoi vinatosha. Mwanamke achukue magauni mapana au suruali pana na mashati marefu, mtandio, na jozi ya kanga, ambayo ni vazi, taulo, shuka na pazia la kubadilishia nguo kwa wakati mmoja. Ndala ziwe za mjini, na viatu vya mpira vilivyofunga vidole viwe vya kutembelea kwenye miamba.

Ongeza tochi, kwa kuwa umeme hukatika na njia za mashambani hazina taa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu. Mfuko usiopitisha maji kwa simu na nyaraka. Dawa ya mbu, chumvi za kuongeza maji mwilini, plasta na dawa ya vidonda. Mifuko laini ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, kwa hiyo vitu vifungwe katika mifuko ya nguo. Hema liache nyumbani. Kupiga kambi ufukweni si desturi ya hapa, kila ardhi ina mwenyewe hata ikionekana tupu, na mgeni anayelala nje huwapa wanakijiji wasiwasi wasiostahili.

Hatua ya nne: vuka bahari kwa akili

Safari ya kawaida ni kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, ambayo kwa boti ya mwendo kasi huchukua saa mbili au pungufu, kisha kutoka Unguja hadi Pemba. Kwa sehemu hii ya pili zipo boti za kasi na zipo meli kubwa zinazobeba magari, ambazo husafiri taratibu zaidi, mara nyingi usiku, na kufika Mkoani asubuhi. Mwenye bajeti ndogo nashauri achukue meli ya usiku, kwani anaokoa nauli na gharama ya chumba kwa pamoja. Ndege ndogo nazo zipo, kutoka Dar es Salaam na Unguja hadi uwanja ulio karibu na Chake Chake. Kutoka Unguja ni kiasi cha nusu saa angani, na begi jepesi hapo lina faida yake nyingine.

Tiketi ya kwenda na ya kurudi zinunuliwe pamoja, majuma mawili au matatu kabla. Mwisho wa Desemba Wapemba wanaofanya kazi Unguja na bara hurudi kwao pamoja na watoto waliofunga shule, na vyombo hujaa. Nunua katika ofisi ya kampuni au katika mtandao wake wenyewe. Vijana wanaozunguka getini wakidai kuwa tiketi zimekwisha na wao wamebakiwa na moja, waitikie kwa adabu na uendelee na safari yako.

Juu ya usalama nitasema kwa kirefu, kwa kuwa bahari hii ina kumbukumbu nzito. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I iliyotoka Unguja kuelekea Pemba ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa imebeba watu wengi kupita uwezo wake, na mamia walipoteza maisha. Karibu kila kijiji cha Pemba kilifiwa. Mwaka uliofuata, Julai 2012, MV Skagit ilizama ikitokea Dar es Salaam kwenda Unguja. Siku za sikukuu ndizo siku ambazo watu hushawishika kubanana chomboni ili tu wafike nyumbani. Ukifika gatini ukaona watu wamesimama mpaka kwenye ngazi, mizigo imeziba njia na hakuna anayehesabu abiria, ahirisha. Kupoteza nauli ni jambo dogo. Ukiwa ndani, jambo la kwanza ni kutafuta yalipo maboya ya kujiokolea na mlango wa dharura ulio karibu nawe. Jambo la pili ni kuchagua kiti cha katikati, upande wa chini, ambako chombo hakiyumbi sana. Kaskazi huja kwa mbele mtu anapoelekea Pemba, na baada ya kupita Nungwi mawimbi huongezeka. Kula chakula chepesi saa mbili kabla, tafuna tangawizi, na kama unajijua kuwa bahari hukuchafua tumbo, meza dawa kabla ya kuondoka, kwa maana ukishaanza kutapika dawa haikai.

Hatua ya tano: kutoka Mkoani hadi Chake Chake, na namna ya kupata pa kulala

Meli nyingi hufunga gati Mkoani, kusini magharibi mwa kisiwa. Ukishuka, tembea ukipita madereva wa teksi wanaoita, nenda hadi kwenye kituo cha gari za abiria na upande la kwenda Chake Chake, umbali wa kilomita 30 hivi. Nauli huulizwa kwa abiria wenzako kabla gari halijaondoka. Njia hii inapanda na kushuka vilima vilivyojaa minazi, migomba na mikarafuu, na kama utabahatika kukaa dirishani, kiangalie kisiwa vizuri: ndipo mtu anapoelewa kwa nini mabaharia wa Kiarabu walikiita kisiwa cha kijani.

Chake Chake ndio mji wa kuweka makazi kwa siku nne au tano za mwanzo, kwani gari za pande zote huanzia hapo. Nyumba za wageni zipo chache na nyingi hazipo katika mitandao ya kuagizia vyumba, kwa hiyo piga simu siku chache kabla. Chumba kikaguliwe kabla ya kulipa: chandarua kiwe kizima, feni ifanye kazi, maji yatoke bombani, na uulize kama kifungua kinywa kimo katika bei. Mwanamume na mwanamke wanaotaka chumba kimoja wanaweza kuulizwa kama ni wanandoa. Swali hilo lijibiwe kwa ukweli na bila hasira, na kama hawajaoana wachukue vyumba viwili.

Ukialikwa kulala nyumbani kwa mtu, jambo ambalo hutokea Pemba kuliko watu wanavyodhani, mwombe mwenyeji akupeleke siku ileile kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo. Sheha anatakiwa kujua mgeni aliyelala katika eneo lake, na dakika tano za kuamkiana naye hukufungulia kijiji kizima. Usiende mikono mitupu: kilo mbili za sukari, mchele au majani ya chai hupokelewa kwa furaha zaidi kuliko fedha, ambazo zinaweza kumfedhehesha mwenye nyumba.

Hatua ya sita: siku za Chake Chake, kuanzia karibu kwenda mbali

Siku ya kwanza iwe ya mji wenyewe. Ngome kongwe ya Chake Chake sasa ni makumbusho ya kisiwa, nayo hukupa picha ya historia kabla hujaenda kuona magofu. Kutoka hapo pata gari au bodaboda hadi Pujini, kusini mashariki ya mji, palipo mabaki ya ngome ya karne ya 15 inayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi ya Wapemba humkumbuka kwa ukatili wake. Wanaakiolojia huitaja Pujini kwa sababu ngome ya wakati ule yenye kuta na mahandaki ni nadra mno katika pwani ya Afrika Mashariki. Kilichobaki ni kidogo na majani ni mengi, hivyo bila mtu wa kukueleza utaona mawe tu. Mtafute msimamizi wa eneo, au mzee wa kijijini, umwamkie, kisha umwombe akutembeze.

Kidike, kando ya barabara ya kuelekea Wete, inatosha nusu siku. Hapo wanapumzika popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana penginepo duniani, mwenye manyoya mekundu ya kahawia na mbawa zinazoweza kufikia zaidi ya mita moja na nusu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa kwa misitu. Leo wapo maelfu, na wanakijiji wa Kidike ni miongoni mwa waliomrudisha kwa kuuhifadhi msitu ulio jirani na makaburi ya wazee wao. Lipa kiingilio chao bila kupunguza bei. Nenda alasiri, ukae kimya hadi magharibi, uwaone wakianza kuruka kwenda kutafuta matunda. Kupiga makofi ili popo waruke kwa ajili ya picha ni ufidhuli, hata kama kijana anayekutembeza atajitolea kufanya hivyo.

Misali ni safari ya siku nzima, na ndiyo nitakayoigombania kama msafiri ana siku moja tu ya bahari. Ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake Chake, kilichohifadhiwa tangu 1998, chenye matumbawe hai, fukwe ambazo kasa hutaga mayai, na dago, yaani kambi ya muda, ya wavuvi wanaokuja kuvua kwa zamu kutoka vijiji mbalimbali. Mashua huanzia Wesha. Tafuteni wasafiri wenzenu wanne au watano ili mgawane gharama, kwani chombo hukodishwa kizima. Kubaliana na nahodha mambo haya yote kabla ya kuondoka: bei, saa ya kurudi, maboya ya kila abiria, mashine, na nani analipa kiingilio cha hifadhi. Chukua maji, chakula na miwani ya kuogelea. Usisimame juu ya matumbawe, usiokote kombe, na ukiwakuta wavuvi wanapika usiwapige picha kabla ya kuwaomba. Ukiwa na nahodha mwenye subira na maji yanaruhusu, mwombe apitie Ras Mkumbuu, palipo msikiti uliobomoka na makaburi yenye nguzo ya mji uliokuwa hai katika karne ya 14.

Karafuu

Hii haina hatua yake, kwa sababu utakutana nayo kila mahali. Lakini msafiri anayepita Pemba wakati wa mavuno bila kuielewa amekikosa kisiwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu wakati huo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, lakini katika msimu mzuri utaziona familia nzima mashambani hata mwezi wa Desemba: wengine juu ya matawi wakichuma vikonyo, wengine barazani usiku wakichambua, na asubuhi majamvi yametandazwa uani na kando ya barabara, karafuu zikigeuka kutoka rangi ya kijani na waridi kuwa kahawia iliyoiva. Huanikwa kwa siku kadhaa, na mvua ya ghafla inaweza kuharibu kazi ya juma zima. Ukiliona wingu na mama yuko peke yake mbele ya majamvi manne, weka begi chini umsaidie kuyakunja.

Usikanyage karafuu wala kuruka jamvi. Usipande mkarafuu kwa ajili ya picha, kwa kuwa matawi yake huvunjika kwa urahisi na kila mwaka wapo wachumaji wanaoanguka na kuumia. Usikubali pia kununua kilo za karafuu kavu ili uondoke nazo: biashara hiyo ni ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kuzitoa kisiwani kwa njia nyingine huhesabiwa kuwa magendo. Anayetaka kumbukumbu ya harufu aende kwenye kiwanda cha makonyo, yaani vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, kilichoko nje kidogo ya Chake Chake, ambako mafuta hukamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo, na anunue chupa ndogo yenye risiti.

Hatua ya saba: Krismasi, Ijumaa na chakula

Mwaka 2026 Krismasi itaangukia Ijumaa, na mwaka mpya vilevile. Kuanzia saa tano na nusu hivi maduka yatafungwa kwa ajili ya sala, na gari nyingi zitasimama hadi baada ya saa saba. Pangilia hivi: asubuhi safari fupi, mchana mapumziko, jioni matembezi. Mkristo atakuta makanisa machache mijini. Aulize mahali anapolala saa ya ibada siku moja kabla, na huenda akakutana na watumishi wengi waliotoka bara ambao watamkaribisha kwao kwa chakula. Pombe haiuzwi mitaani na si jambo la kutafutatafuta. Siku chache bila kinywaji hazimdhuru mtu, na kulewa hadharani hapa ni kuwatukana waliokupokea.

Chakula ndicho sherehe ya kweli. Embe za msimu huu ni tamu na rahisi, mashokishoki yanauzwa kwa mafungu, na doriani, tunda ambalo watu wa bara huliogopa kwa harufu, ndio wakati wake. Kula penye upepo, wala usiliingize chumbani. Asubuhi agiza mkate wa kumimina au chapati kwa maharage na chai ya viungo. Mchana tafuta mama anayepika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, au shelisheli la kuchemsha kwa samaki. Jioni pale Chake Chake na Wete huwapo mishkaki, mbatata na pweza wa kukaanga. Halua ya Wete ina sifa katika visiwa vyote viwili. Nunua ya moto, kaa barazani na kahawa chungu, na uwasikilize wazee. Mtu mzima muamkie kwa shikamoo, mkusanyiko kwa salamu ya Kiislamu ukiweza, na usianze swali lolote, hata la njia, kabla ya salamu kukamilika. Ukialikwa kula sinia moja, nawa, tumia mkono wa kulia, na ule upande ulio mbele yako.

Hatua ya nane: kaskazini kwa siku za mwisho wa mwaka

Tarehe 28 au 29 hamia Wete, kilomita 30 hivi kutoka Chake Chake. Lala usiku mmoja, na alfajiri yake uende Tumbe, kijiji kikubwa cha uvuvi, uone mnada wa samaki. Ufike mapema, kwa sababu jua likishapanda biashara imekwisha. Kutoka huko endelea hadi Konde. Konde ndipo gari za abiria za uhakika zinapoishia. Kwa Makangale na rasi ya Kigomasha kuna gari chache, na zinazobaki ni bodaboda na baiskeli ya kukodi. Weka miadi ya kurudi na dereva yuleyule, na uchukue namba yake.

Barabara hiyo inapita katikati ya Msitu wa Ngezi, mabaki ya msitu mnene uliokifunika kisiwa kabla ya kufyekwa kwa ajili ya mikarafuu. Lipa kiingilio getini na uingie na mwongozaji. Kisiwa kina aina nne za ndege wasiopatikana penginepo, akiwamo bundi mdogo anayesikika usiku. Kama una moyo wa subira, omba matembezi ya usiku badala ya mchana, uvae suruali ndefu na viatu vilivyofunga.

Baada ya msitu zipo fukwe mbili za kuchagua kwa kuufuata upepo. Vumawimbi iko upande wa mashariki wa rasi, ndefu na nyeupe, lakini kaskazi ikivuma hupata mawimbi. Hapo ogelea penye watu na usivuke kina cha kifua. Upande wa magharibi, Verani, huwa na utulivu zaidi na ndipo jua linapozama. Katika ncha ya rasi umo mnara wa taa wa chuma uliojengwa mwaka 1900. Mwombe mlinzi ruhusa ya kupanda. Kwa usiku wa mwaka mpya nashauri eneo hili. Nyumba za kulala ni chache, kwa hiyo chumba hiki ndicho cha kwanza kukiagiza unapoanza kupanga safari, kabla hata ya cha Chake Chake. Nje ya fukwe za hoteli, wanawake waogelee wakiwa wamejifunika kanga au nguo ndefu, na wanaume wavae shati wanapopita kijijini.

Ukijeruhiwa na miiba ya wanyama wa miambani, au ukipata homa isiyoshuka kwa siku moja, usisubiri kurudi nyumbani. Zipo hospitali Wete, Chake Chake, na ile ya Abdalla Mzee huko Mkoani. Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini haijakwisha, kwa hiyo chandarua kishushwe kila usiku.

Hatua ya tisa: kurudi

Siku mbili kabla ya kuondoka, piga simu kampuni ya meli uthibitishe siku, saa na bandari, kwa sababu ratiba za mwanzo wa Januari hubadilika na baadhi ya safari huondokea Wete badala ya Mkoani. Kama safari ni ya asubuhi kutoka Mkoani, lala hukohuko usiku wa mwisho. Gari la kwanza kutoka kaskazini halitakufikisha kwa wakati. Kwa anayeelekea Tanga au Mombasa, uliza pia safari ya meli kati ya Pemba na Tanga, ambayo si ya kila siku lakini humwondolea mzunguko mzima wa Dar es Salaam. Fika gatini saa moja na nusu kabla, begi likiwa na maji, tangawizi na mkate wa njiani, na kitambulisho kikiwa mfukoni, mahali ambapo mkono utakifikia bila kulifungua begi katika foleni.